Pambo Lililohama Chomboni: Historia ya Mbao za Majini Katika Nyumba Zetu

Utangulizi

Mtu akiingia katika duka la mapambo jijini Kampala leo, anaweza kuonyeshwa fremu ya kioo, kinara cha taa au rafu ya vitabu iliyotengenezwa kwa mbao kuukuu zilizookotwa ufukweni mwa ziwa. Mbao hizo huwa na rangi ya majivu, matundu ya misumari, na pengine mabaki ya rangi ya buluu au ya kijani. Muuzaji atamweleza mteja kwamba mbao ni za asili, kwamba zimeletwa na maji bure, na kwamba anayezinunua anayalinda mazingira. Mteja hulipa, akaenda kulitundika pambo lake sebuleni. Ni nadra kuulizwa mbao hizo zilikuwa nini kabla ya kuwa pambo.

Insha hii inaliuliza swali hilo. Hoja yangu ni kwamba katika Afrika Mashariki mbao zinazotupwa na maji zina historia mbili, na makosa mengi hutokea tunapozichanganya. Historia ya kwanza ni ndefu. Ni ya watu wa ziwa na wa pwani waliovipamba vyombo vyao vya majini, na ambao chombo kikivunjika hawakuacha ubao hata mmoja upotee. Historia ya pili ni fupi, nayo ni ya mbao hizohizo kuingia ndani ya nyumba na kutazamwa tu. Nitaonyesha kwamba baina ya historia hizi mbili pambo lilihama kutoka chomboni hadi ukutani, na kwamba lilihama pale chombo chenyewe kilipokuwa kinakufa. Kisha nitajadili jambo linalotugusa leo: nani hupata na nani hupoteza mbao za ufukweni zinapopewa bei.

Mbao zipi tunazozungumzia?

Kabla ya kuingia katika historia, ni vizuri kutofautisha vitu vitatu ambavyo sokoni huitwa kwa jina moja. Cha kwanza ni gogo au tawi la mti uliong'olewa na mto, mafuriko au mmomonyoko, likaelea hadi ufukweni. Cha pili ni ubao wa chombo, yaani wa mtumbwi, mashua au jahazi lililovunjika au kuachwa lioze. Cha tatu ni mbao za majengo, kama vile nguzo za gati na boriti za vibanda vilivyochukuliwa na maji.

Kwa mwanahistoria tofauti hii ni kubwa. Gogo hutueleza habari za msitu na mvua. Ubao wa mtumbwi hutueleza habari za fundi, mvuvi na biashara. Boriti ya kibanda hutueleza habari za familia iliyohama. Zote tatu zikishapigwa msasa na kupakwa vanishi hufanana, na hapo ndipo ushahidi wake hupotea.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu hakikuvificha vitu hivi chini ya neno moja. Tunasema gogo, ubao, boriti, mabaki ya chombo. Tunatofautisha pia kuokota na kuokoteza: anayeokota huenda amekiona kitu kwa bahati, lakini anayeokoteza ametoka nyumbani makusudi, akipita ufukwe mzima kutafuta kimoja kimoja. Wanawake na watoto wanaotafuta kuni kando ya ziwa alfajiri huokoteza. Tutarudi kwao baadaye.

Pambo lilipokuwa chomboni

Mitumbwi mikubwa ya Ziwa Viktoria, hasa ile iliyohusishwa na visiwa vya Ssese, haikuwa magogo yaliyochongwa na kutobolewa tu. Ilikuwa vyombo vya mbao zilizoshonwa. Mafundi walichonga mkuku kutokana na mti mmoja mrefu, wakapanga mbao juu yake pande zote mbili, wakatoboa matundu pembeni mwa mbao na kuzishona kwa nyuzi za mimea. Mbele ya chombo palitokeza mdomo mrefu uliopambwa kwa pembe za wanyama na manyoya, na ubavu ulipakwa udongo mwekundu.

H. M. Stanley alifika Buganda mwaka 1875 na kuona kundi la mitumbwi ya Kabaka Mutesa I ikiandaliwa kwa vita dhidi ya watu wa Buvuma. Alikadiria kwamba mitumbwi hiyo ilizidi 200, na mkubwa kabisa aliupa urefu wa futi 72, yaani karibu mita 22. Makadirio ya wasafiri wa wakati ule tuyasome kwa tahadhari, maana waliandika ili wasomwe Ulaya na kusifiwa. Hata hivyo, tukikata nusu ya idadi, bado tunabaki na jambo zito: hapa ukingoni mwa ziwa palikuwa na ufundi wa mbao uliohitaji miti mingi, mafundi wengi na utawala wa kuwaamrisha.

Pambo la mtumbwi lilikuwa na kazi. Pembe na manyoya vilimtambulisha mwenye chombo na kuonyesha hadhi ya safari. Pia safari ya ziwani haikutenganishwa na imani. Katika dini ya jadi ya Waganda, Mukasa ndiye aliyekuwa mwenye mamlaka juu ya ziwa, hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe katika visiwa vya Ssese, na kasia lilikuwa miongoni mwa alama zake. Kasia lililowekwa hekaluni halikuwa pambo kwa maana yetu ya leo. Lilisimama badala ya nguvu iliyomruhusu mtu kuvuka maji na kurudi salama.

Tukitazama pwani ya Bahari ya Hindi tunaona jambo linalofanana kwa namna ya kushangaza. Mtepe, chombo maarufu cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, nao ulishonwa. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mdomo wake wa mbele ulitokeza kama shingo na kichwa cha ngamia, ukachorwa macho ili chombo kione njia, na ukapambwa. Sina nia ya kudai kwamba Wassese walijifunza kwa Wabajuni au kinyume chake. Kushona mbao ni ufumbuzi uliozuka mahali pengi duniani pasipokuwa na misumari ya kutosha. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba katika sehemu zote mbili pambo lilikaa mbele ya chombo, likitangulia safari. Halikuwa limewekwa ndani ya nyumba.

Mbao zilizotumika tena

Chombo kilipovunjika, mbao zake ziliendelea na maisha. Mfano mmoja unaojulikana vizuri unatoka katika ziwa letu. Mwaka 1878 wamishonari Alexander Mackay na C. T. Wilson wa Church Missionary Society walikuwa wakivuka kwenda Buganda katika mashua yao iliyoitwa Daisy. Dhoruba iliwatupa kwenye ufukwe wa magharibi wa ziwa, na mashua ikaharibika mbele na nyuma. Hapakuwa na duka la mbao karibu. Walichofanya ni kuikata sehemu ya katikati ya mashua, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, kisha wakaviunga vipande viwili vilivyobaki. Mashua ilikuwa fupi kuliko mwanzo, lakini iliwafikisha Buganda mwezi Novemba mwaka huo.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa akili ya Mackay, ambaye kweli alikuwa fundi mitambo hodari. Lakini kwa mtu yeyote aliyekulia kando ya maji, alichofanya Mackay ni jambo la kawaida. Ubao wa mtumbwi uliochoka huwa kiraka cha mtumbwi mwingine. Ukishindwa kuwa kiraka, huwa benchi, mlango wa banda la mbuzi, au meza ya kuuzia samaki. Ukishindwa hayo yote, huwa kuni. Ngazi hii ya matumizi ndiyo historia ya kweli ya mbao za ufukweni, na inastahili kuandikwa kwa sababu hata leo inaonekana katika kila mwalo, uwe Ggaba, Kasenyi au Luzira.

Pwani ya bahari ngazi ilikuwa hiyohiyo. Jahazi hupigwa kalafati, yaani pamba huingizwa katika nafasi zilizo baina ya mbao. Sehemu ya chini hupakwa deheni ya chokaa na mafuta ya wanyama ili wadudu wa baharini wasitoboe. Na mbao za juu hupakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa. Chombo kilichotunzwa hivyo huishi miaka mingi. Kinapozeeka, fundi hukibomoa taratibu na kuchagua mbao zinazofaa. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, lakini hawakusema kwamba hakina mbao.

Vyombo vilipoanza kufa

Swali la msingi ni hili: kama mbao zilikuwa na kazi nyingi hivyo, ilikuwaje zikawa mapambo? Kwa upande wa ziwa jibu linaanza na miaka kumi tu, baina ya 1901 na 1910.

Mwishoni mwa mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo. Meli za mvuke zikaanza kubeba pamba, ngozi na abiria kwa kasi ambayo wapiga makasia hawakuweza kushindana nayo. Mwaka huohuo wa 1901 madaktari ndugu wawili, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, walitambua wagonjwa wa malale. Ugonjwa ulienea kwa ukali mkubwa katika ukanda wa ziwa na visiwa vyake. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache zaidi ya watu 200,000 walikufa. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondolewe ukingoni mwa ziwa ili kuwatenga na mbung'o, na kufikia mwisho wa muongo visiwa vya Ssese navyo vilikuwa vimehamwa. Wakazi hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka kadhaa baadaye.

Tufikirie maana ya amri hiyo kwa mtumbwi. Mtumbwi wa kushonwa unahitaji kushonwa upya kila mara. Fundi akiondolewa kisiwani, mtumbwi unaoza ufukweni, nyuzi zinaachia, na mbao zinatawanyika. Mwanafunzi wa fundi anakulia bara, akilima, bila kuushika mtumbwi mkononi. Watu waliporudi visiwani, walirudi katika dunia ya misumari, na baadaye ya injini. Mtumbwi mkubwa wenye pembe mbele ulibaki katika picha na katika majumba ya makumbusho.

Pwani ya bahari kifo kilikuwa cha polepole. Mtepe ulitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ukashindwa na vyombo vya misumari. Jahazi nalo lilipunguziwa kazi na meli, malori na barabara, ingawa mpaka leo halijafa kabisa. Mafundi wa Lamu na Zanzibar bado wanaunda. Lakini angalia kilichofuata. Mtepe ulipokufa ukageuka kuwa mfano mdogo wa kuwekwa mezani na katika makumbusho. Huko Zanzibar, mfano wa mtepe wenye ukubwa wa chombo halisi uliwekwa ndani ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka. Chombo kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya nyumba kikajikuta nyumba yenyewe haikuhifadhiwa.

Mbao za majahazi makuukuu nazo zikapata soko jipya. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Hoteli ziliongezeka, na hoteli hupenda vitu vyenye sura ya zamani. Mbao za jahazi zilizokuwa zikiishia jikoni zikawa fremu za vioo, meza, vitanda na milango ya kabati. Rangi iliyobanduka, ambayo zamani ilikuwa dalili ya nahodha asiye na fedha za kupaka upya, ikawa ndiyo inayopandisha bei. Kutoka huko mtindo ulienea hadi Nairobi, Kampala na miji mingine ya bara.

Ziwa linapotupa vitu ufukweni

Mbao za Ziwa Viktoria zina sababu nyingine za kuwa nyingi ufukweni, nazo ni za kimazingira. Baina ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa zilipandisha maji ya ziwa kwa zaidi ya mita 2. Miti ya ukingoni ilizama na kufa ikiwa imesimama, na vijiji vya wavuvi vilisogea juu. Kiwango cha Mei 1964 kilibaki kuwa rekodi kwa zaidi ya nusu karne, hadi maji yalipokivuka mwaka 2020. Mwaka huo wakazi wa ufukweni, kuanzia Ggaba na Entebbe hadi visiwani, waliona nyumba, gati na miti ikizingirwa. Mwezi Aprili kisiwa kinachoelea cha mimea na udongo kilisukumwa na maji hadi kwenye kituo cha umeme cha Nalubaale huko Jinja, na nchi nzima ikakosa umeme.

Kwa hiyo mtu anapookota gogo jeupe lililokauka ukingoni, anaweza kuwa ameokota mti uliouawa na mafuriko ambayo bibi yake anayakumbuka, au yale aliyoyaona yeye mwenyewe.

Kuna mfano wa karibu wa jinsi balaa la ziwa linavyogeuzwa pambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilionekana katika maji ya Uganda. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeziba ghuba nyingi, pamoja na bandari ya Port Bell. Mwaka 1995 Uganda ilianza kuachilia wadudu wanaokula mmea huo, na mwishoni mwa muongo ulipungua sana. Katika kipindi hicho na baadaye, vikundi vya mafundi nchini Kenya na Uganda vilijifunza kukausha mabua yake na kusuka vikapu, viti na vivuli vya taa. Hakuna aliyesema kusuka gugumaji ni mila ya kale. Ilikuwa wazi kwamba ni jibu la tatizo jipya. Nadhani mbao za ufukweni nazo tungezieleza kwa uwazi huohuo.

Pwani ya Kenya imetoa mfano ulio bayana zaidi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walizindua jahazi dogo linaloitwa Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki zilizookotwa, na kuvishwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likaletwa Ziwa Viktoria. Hapa mwendo umegeuka: badala ya mbao za chombo kuwa pambo la nyumbani, takataka za nyumbani zimekuwa mbao za chombo. Na pambo limerudi mahali pake pa zamani, ubavuni mwa jahazi.

Ufundi wenyewe

Nisingependa msomaji afikiri kwamba kazi hii ni ya kuokota na kupachika tu. Ubao uliokaa majini hauwezi kupelekwa sebuleni siku hiyohiyo. Kwanza hukaushwa kivulini kwa wiki nyingi, kwa sababu ukianikwa juani hupasuka. Kisha husuguliwa kwa brashi ngumu kutoa mchanga na matope yaliyojificha ndani ya nyufa, maana chembe moja ya mchanga hutosha kuharibu makali ya randa. Misumari hung'olewa mmoja mmoja. Fundi huugonga ubao na kusikiliza: ukitoa sauti kavu, una nguvu, ukitoa sauti nzito na butu, umeoza ndani. Wadudu hutafutwa na kuuawa kabla ubao haujaingia ndani ya nyumba. Mwisho ni msasa, keekee, gundi na mafuta au vanishi.

Mbao za ziwa na za bahari hazifanani. Katika maji ya chumvi kuna viumbe wanaotoboa mbao na kuacha mashimo ya mviringo, na wanunuzi huyapenda mashimo hayo. Ziwa halina viumbe hao. Mbao zake huharibiwa zaidi na kuvu na kuoza, hasa pale panapoloa na kukauka mara kwa mara. Ndiyo maana ubao wa ziwani ulio mzima mara nyingi ni wa mti mgumu kama mvule, au ni kipande kilichokuwa juu ya mstari wa maji. Anayejua kusoma dalili hizi anaweza kutambua ubao ulikaa sehemu gani ya mtumbwi.

Nani mwenye mbao?

Tunafika sasa kwenye swali ambalo wauzaji hulipita haraka. Je, ni kweli kwamba kinacholetwa na maji hakina mwenyewe?

Historia ya dunia inatoa jibu la wazi. Nchini Iceland, ambako misitu ilikwisha mapema, magogo yaliyoelea kutoka mito ya Siberia yalikuwa mali kubwa kiasi kwamba sheria ya Jónsbók ya mwaka 1281 ilikuwa na sehemu nzima inayohusu vitu vinavyotupwa na bahari na haki za wenye fukwe. Makanisa na mashamba makubwa yalishikilia haki hizo kwa wivu. Katika Greenland ya Mashariki, watu wasiokuwa na miti walichonga mitumbwi, vyombo na hata ramani za pwani kutokana na magogo ya aina hiyo. Pasipo na miti, ufukwe ni msitu, na msitu una wenyewe.

Ukanda wa ziwa letu unaelekea huko. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara aliingizwa ziwani, na kuanzia miaka ya 1980 akawa samaki mkuu wa biashara. Sangara ana mafuta mengi. Dagaa, anayeitwa mukene hapa kwetu, hukaushwa kwa jua tu, lakini sangara huhitaji moto ili abanikwe au akaangwe, na moto unahitaji kuni. Katika kisiwa cha Bugala, wilayani Kalangala, sehemu za msitu zilikatwa kuanzia miaka ya 2000 ili kupanda michikichi. Kuni zimekuwa mbali na ghali. Kwa mama anayebanika samaki, gogo lililoletwa na maji usiku ni mtaji wa siku.

Sasa fikiria mjumbe wa duka la mapambo anafika mwaloni na kutangaza kwamba atanunua magogo mazuri. Kijana mwenye nguvu na pikipiki atayakusanya kabla ya mama huyo hajaamka. Ubao utaingia sokoni, na tutasema umeokolewa usiharibike. Kwa kweli haukuwa unaharibika. Ulikuwa na kazi ambayo sisi wa mjini hatukuiona.

Kwa mbao za mitumbwi suala ni zito zaidi. Kuanzia mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia kanuni za uvuvi katika maziwa ya Uganda, na mitumbwi mingi iliyokuwa mifupi kuliko futi 28 ilikamatwa na kuchomwa moto. Serikali hueleza kwamba hatua hiyo inalinda samaki wachanga. Wavuvi wengi hulalamika kwamba imewanyang'anya riziki. Sitajaribu kuamua ugomvi huo katika insha hii. Nasema tu kwamba ubao wa mtumbwi unaofika Kampala katika miaka hii unaweza kuwa umetoka katika mtumbwi uliozeeka kwa heshima, au katika mtumbwi uliokatishwa maisha. Bei dukani ni ileile. Historia si ileile.

Wenye maoni tofauti watasema kwamba soko la mapambo huwapa vijana kazi, na kwamba bila soko hilo mbao zingeungua tu. Hoja hii ina ukweli. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliamini kwamba ufundi wa Uganda ungedumu tu ukipata matumizi mapya katika maisha mapya, na historia ya mikeka, vikapu na vitambaa vya magome haimpingi. Lakini ufundi hudumu pale mwenye ujuzi anapotambuliwa. Katika pambo la mbao za ufukweni anayetambuliwa ni aliyepiga msasa. Fundi aliyechonga ubao mara ya kwanza, mvuvi aliyekaa juu yake usiku, na mwokotezaji aliyeubeba kichwani, wote hufutwa pamoja na vumbi.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kupamba nyumba kwa mbao za majini si mila ya kale ya watu wa ziwa wala wa pwani. Mila yao ilikuwa kupamba chombo, na kuzitumia mbao zake mpaka mwisho. Pambo liliingia nyumbani baada ya reli, meli za mvuke, malale na utalii kuvidhoofisha vyombo vyenyewe. Hilo halifanyi pambo la leo kuwa kitu kibaya. Linafanya tu liwe na deni kwa wale ambao mbao hizo zilikuwa zao.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, wauzaji waandike asili ya mbao: mwalo ulikotoka, kama ni gogo au mtumbwi, na aliyeokoteza alilipwa kiasi gani. Wauzaji wa kahawa wamekwisha kuzoea kutaja mlima na chama cha ushirika. Wa mbao nao wanaweza. La pili linatuhusu sisi wanafunzi wa historia na wa Kiswahili. Mitumbwi ya uvuvi nchini hubeba namba za usajili zilizoandikwa kwa rangi ubavuni, na mara nyingi pia jina au maneno aliyoyachagua mwenyewe. Namba na maneno hayo ni maandishi ya kihistoria. Yanapofika mezani pa fundi huwa ya kwanza kupigwa msasa. Tungeanza kwa kwenda katika mialo iliyo karibu na Kampala, kuyapiga picha na kuyanakili, pamoja na mwaka na mahali, kabla hayajafutwa. Na fundi akiombwa aache hata tarakimu mbili katika kona ya fremu, kioo kitaendelea kumwonyesha mtu uso wake vilevile, na pembeni yake kitamkumbusha mtumbwi.